Kumtukuza Mungu Katika Kazi za Kila Siku: Habari za Pemba, Toka Zamani za Utumwa



Ifikapo jubilei desturi ni kuhesabu. Huhesabiwa maaskofu waliotutangulia, makanisa yaliyojengwa, mapadre waliowekewa mikono, na watoto waliobatizwa. Mambo haya yote ni mema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini sisi tulioagizwa kuandika habari za Pemba, na hasa za upande huu wa kusini, tuliona mapema kwamba kwa njia hiyo hesabu yetu itakuwa fupi mno. Mtu atokaye bandari ya Mkoani kwenda Chake Chake hupita Mtambile, hapo njia ya Kengeja na Mwambe inapoachana na barabara kuu. Ataona maduka, skuli, misikiti, na mikarafuu juu ya vilima. Asitazamie kuona mnara kama ule wa Mkunazini. Wakristo wa kisiwa hiki walikuwa wachache tangu mwanzo, na hata leo ni wachache.

Basi tumeona heri tuandike habari za namna nyingine. Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba hata kula kwao na kunywa kwao na kufanywe kwa utukufu wa Mungu. Neno hili ni jepesi kulisema kanisani siku ya Jumapili. Lakini maana yake ni nini kwa mtu aliye juu ya mkarafuu, ambaye jana alikuwa mtumwa na leo ameambiwa kuwa yu huru? Swali hilo liliulizwa hapa Pemba, si katika vitabu, bali shambani na mahakamani, na waliolijibu kwanza walikuwa watu wasiojua kusoma.

Mikarafuu iliingia Unguja katika miaka ya kwanza ya karne ya 19, kisha ikaenea Pemba. Mwaka 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja ikaangusha mikarafuu mingi sana, lakini Pemba haikuumia kama Unguja. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu. Tena mwaka uliofuata, yaani 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kukataza biashara ya watumwa baharini na kuyafunga masoko yao. Tazameni basi jinsi mambo mawili yalivyokutana: mikono ilihitajiwa Pemba kuliko zamani zote, na mlango wa kuingizia mikono hiyo umefungwa. Mlango ukifungwa, mwizi hupita dirishani. Majahazi yakawa yanakuja usiku kutoka Mrima, yakijificha katika vihori vya Pemba penye mikoko. Manowari za Kiingereza ziliwavizia, na mwezi wa Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na kisiwa hiki, alipotaka kulipekua jahazi moja.

Mtumwa wa shamba alimfanyia bwana wake kazi siku nyingi za juma, na kwa desturi Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zake mwenyewe, apate kulima muhogo wake. Twawaomba walimu wazikumbuke siku mbili hizo. Tutakuja kuona kwamba mambo mengi yaliyotokea baada ya uhuru yatokana nazo.

Kanisa letu lilikuwa limekwisha kufika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Hatutakawia sana katika habari zake, maana zimeandikwa na wengine. Twataja jambo moja tu, kwa kuwa lahusu neno letu. Watoto watano waliokuwa katika jahazi la watumwa walitolewa na Sultani Majid wakapewa Askofu, na mmoja wao, John Swedi, ndiye aliyekuwa shemasi wa kwanza Mwafrika wa Misioni, mwaka 1879. Lakini kabla ya ushemasi wake, na pamoja na ushemasi wake, palikuwa na kazi. Watoto wa Kiungani walifundishwa kusoma, na wengine walifundishwa kupiga chapa vitabu. Soko la watumwa la Mkunazini lilipokwisha kufungwa na kiwanja chake kununuliwa, jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa siku ya Krismasi, 1873. Askofu Steere alisimamia ujenzi yeye mwenyewe kwa miaka mingi. Paa lake ni kuba ndefu ya mawe ya matumbawe na saruji, na wengi walisema ya kuwa litaanguka. Halikuanguka. Miongoni mwa walioponda mawe yale walikuwamo watu waliopata kuuzwa. Twadhani ya kuwa waliimba walipokuwa wakiponda, maana hapana kazi ya pamoja katika pwani yetu isiyokuwa na wimbo. Na kama nyimbo zile hazikuwa tenzi za kanisani, hatuoni kwamba Mungu alikataa kuzisikiliza.

Haya yalikuwa Unguja. Pemba ilibaki nyuma.

Mwaka 1895 Bwana Donald Mackenzie alitumwa na chama cha kupinga utumwa cha Uingereza kuja kutazama hali ya Unguja na Pemba, akaandika habari alizoziona. Huko Uingereza watu wengi walikasirika, maana visiwa hivi vilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890, na bado watumwa walikuwapo. Ndipo tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud alipotoa amri kwamba mahakama zisikubali tena haki ya mtu kummiliki mwenziwe.

Hapa twaomba wasomaji wasiende mbio. Wengi hudhani kwamba siku ile watumwa wote waliwekwa huru. Sivyo. Amri haikumfungua mtu. Ilimpa ruhusa ya kwenda kuomba kufunguliwa. Ilimpasa aondoke shambani kwa miguu yake, aende mahakamani, aseme mbele ya watu kwamba ataka uhuru, naye bwana wake akalipwa fidia. Tena ilimpasa aonyeshe kwamba ana mahali pa kukaa na njia ya kujipatia riziki, la sivyo aweza kuhesabiwa kuwa mzururaji. Na nyumba aliyoijua yeye ilikuwa wapi? Katika shamba la bwana yule yule. Na masuria hawakuhesabiwa kabisa katika amri hiyo. Kwao sheria haikubadilika hata mwaka 1909. Mmoja katika waliowekwa kuziangalia kazi hizo hapa Pemba alikuwa Bwana J. P. Farler, aliyekuwa zamani Arkidiakono wa Misioni yetu kule Magila. Hivyo mtu aliyezoea kuwasikiliza watu wakiungama alikuwa sasa akiwasikiliza wakidai uhuru.

Ndipo walipokuja Marafiki, ambao watu huwaita Wakweka. Bwana Theodore Burtt alifika Pemba mwaka 1897, na Misioni yao ikanunua shamba la mikarafuu huko Banani, upande wa Chake Chake. Nia yao ilikuwa nyepesi kuielewa: aliyefunguliwa na asiye na mahali pa kwenda apate nyumba, apate kazi, na alipwe ujira wake. Wakati ule ule Misioni yetu nayo iliweka kituo Weti, mji uandikwao siku hizi Wete, kaskazini ya kisiwa.

Sisi tulio wapenzi wa uvumba na kengele hatukosi kustaajabia Ukristo wa Marafiki. Hawana padre, hawana ubatizo wa maji, hawana Misa. Hukusanyika wakakaa kimya mpaka mmoja aone kwamba amepewa neno la kusema. Katika mambo hayo hatuafikiani nao, wala jubilei si wakati wa kujifanya tunaafikiana. Lakini katika jambo moja walitutangulia, na ni haki kulisema. Sisi tulianza na kanisa, kisha tukaongeza shamba. Wao walianza na shamba. Kwao shamba halikuwa chambo cha kuwavutia watu kanisani. Waliona kwamba kumlipa mchumaji haki yake ni ibada yenyewe, kabla mtu hajafungua kinywa kusali.

Ili jambo hili lieleweke vema hapana budi tueleze kazi ya karafuu, ingawa Wapemba wataona twawafundisha waogeleaji kuogelea. Karafuu ni tumba, ua ambalo halijafunguka. Ikianza kuwa nyekundu yafaa kuchumwa. Ikichelewa huchanua, na thamani yake imekwisha. Mchumaji hupanda juu, huvuta matawi kwa kigoe, naye hukata vichala vizima. Matawi ya mkarafuu ni makavu na hukatika ghafula, na kila msimu wako watu huanguka, wengine wakafa. Jioni vichala huchambuliwa, karafuu huku na makonyo huku, kisha hupimwa kwa pishi, na mchumaji hulipwa kwa hesabu ya pishi zake. Baadaye huanikwa juu ya majamvi siku kadhaa, na mvua ikija watu wote hukimbia.

Katika kazi hiyo dhambi zina nafasi nyingi. Mwenye shamba aweza kuifurisha pishi mpaka karafuu zimwagike, akaiita pishi moja. Mchumaji aweza kuacha makonyo ndani ili pishi ijae upesi. Mwenye kuanika aweza kuuza karafuu ambazo hazijakauka, maana maji yana uzito. Kwa hiyo mtu akituuliza, Mkristo wa Pemba alimtukuza Mungu wapi, sisi hatumwelekezi kwanza madhabahuni. Twamwelekeza penye pishi, saa ya magharibi, watu wamechoka na nuru inapungua, na hapana mtu wa kuona. Torati katika kitabu cha Walawi huamuru mizani ya haki na vipimo vya haki, na huliweka neno hilo karibu na kumpenda mgeni. Walioandikiwa neno hilo nao walikuwa wametoka katika utumwa.

Sasa tuje katika jambo gumu, ambalo vitabu vya jubilei hupenda kuliruka.

Wazungu wengi wa zamani zile, wa Serikali na wa Misioni pia, walilalamika kwamba waliofunguliwa ni wavivu. Serikali ilitaka karafuu zichumwe, kwa kuwa fedha ya nchi ilitoka humo. Ikatunga mapatano: aliye huru akae shambani, apewe kipande cha kulima, naye afanye kazi siku tatu kwa juma kwa ajili ya kipande hicho. Watu hawakuyapenda. Wengine waliondoka wakaenda mjini, wengine wakatafuta ardhi mbali na mikarafuu, wengine walikaa pale pale lakini wakakataa kufungwa na maandishi. Walikubali kupalilia walipotaka, na kuchuma msimu ulipofika, kwa ujira. Siku nyingine walilima muhogo wao. Wamisionari waliohubiri kwamba kazi ni sala waliona hayo wakahuzunika.

Sisi twaona kwamba walikosea katika kuhukumu. Zikumbukeni Alhamisi na Ijumaa. Mtumwa aliujua uhuru kabla ya amri ya 1897, kwa siku mbili katika kila juma. Katika siku hizo alilima, akavuna, akauza, wala hakusimamiwa na mtu. Alipoambiwa, Sasa u huru, alitaka siku zake zote ziwe kama siku mbili zile. Huo si uvivu hata kidogo. Na hapa mhubiri alitiwa katika jaribu kubwa, maana katika waraka kwa Wakolosai Paulo awaambia watumwa wafanye kazi kwa moyo, kama kwa Bwana wala si kwa wanadamu. Neno hilo likisomwa na mwenye mikarafuu mbele ya mchumaji, sauti yake ni moja. Likisomwa na mchumaji mwenyewe, ana sauti nyingine. Wa kwanza asikia, Fanya kazi zaidi. Wa pili asikia, Bwana wako siye huyu. Twawasihi walimu wanaolifundisha neno hilo wasome mbele kidogo tu, wafike pale Mtume anapowageukia mabwana akawaambia watoe haki na usawa, maana wao nao wana Bwana mbinguni.

Katika dayosisi yetu alikuwako mtu aliyelisoma hata mwisho. Askofu Frank Weston, aliyewekwa kuwa Askofu wa Zanzibar mwaka 1908, katika vita ya kwanza ya dunia alikusanya wapagazi wa Unguja akaenda nao bara mwenyewe, akitembea pamoja nao. Vita ilipokwisha, na Serikali ya Kenya kutaka watu washurutishwe kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, aliandika mwaka 1920 kitabu kidogo cha kuilaumu Uingereza kwa kuwafanya Waafrika kuwa watumwa kwa jina lingine. Mwaka 1923 aliwaambia Wakristo huko London kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu katika Sakramenti na huku wakimpita Yesu katika miili ya maskini. Akafa mwaka uliofuata. Watu humkumbuka kwa ajili ya mambo mengi ya ibada. Sisi twaona kwamba maneno hayo ya mwisho alikuwa amejifunza hapa visiwani kabla hajayasema kule.

Je, watu wengi wa Pemba waliongoka kwa sababu ya mambo haya? Hapana. Wengi waliofunguliwa waliendelea kuwa Waislamu, kama jirani zao na kama mabwana zao wa zamani, na wazao wao wako hata leo, wakiisali dini yao kwa bidii. Wako watu wanaoihesabu Misioni ya Pemba kuwa ni kazi iliyoshindwa. Hao hupima kwa pishi ya kufurika. Mtu aliyelipwa ujira wa haki Banani alilipwa kweli, hata kama hakukaa kimya pamoja na Marafiki hata siku moja. Wala ujira ule haukuwa mkopo wa kudaiwa nafsi yake baadaye.

Katika hali hiyo Ukristo wa kisiwa hiki umejifunza adabu ambayo makutano makubwa ya bara hayakulazimika kuijua. Hapa Mkristo hajifichi katika wingi. Jirani zake wamjua kwa jina, nao huyatazama mambo yake madogo: kama hurudisha alichoazima, kama huja mazikoni na kushika jembe, kama huwaheshimu wafungao katika mwezi wa Ramadhani asile mbele yao njiani. Nao humletea futari, naye hupokea. Chema chajiuza, na kibaya chajitembeza. Tumesikia wahubiri wageni wakija na vipaza sauti, wakaondoka siku ya tatu wakisema kwamba Pemba ni ngumu. Sisi twakaa.

Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 mambo ya nchi yaligeuka. Mashamba makubwa yalitwaliwa na Serikali, watu wakagawiwa eka tatu tatu, na skuli za Misioni nazo zikawa za Serikali. Kanisa likapoteza karibu kila chombo ambacho watu hukitumia kuonyesha nguvu zake. Hatusemi kwamba hakukuwa na maumivu. Lakini mwalimu Mkristo aliyebaki katika skuli ambayo si yake tena, akisahihisha madaftari ya watoto wasio wa dini yake kwa uangalifu ule ule, huyo alikuwa amefika pale Paulo alipotaka Wakorintho wafike.

Pishi nayo haikuondoka, ilibadilika sura. Karafuu iliuzwa kwa Serikali peke yake, na kwa miaka mingi bei yake ilikuwa chini sana ya bei ya Mombasa. Magendo yakazidi, majahazi yakaenda usiku katika vihori vile vile vya zamani za watumwa. Wakristo wametuuliza, Je, magendo ni dhambi, ikiwa mkulima ananyimwa haki yake? Hatukupata kulijibu kwa neno moja. Sheria ya nchi ni sheria, na Kaisari ana chake. Lakini anayeipunja jasho la mkulima naye hana udhuru mbele ya Mungu kwa kuwa ameandika bei yake katika karatasi yenye muhuri. Serikali ilipoongeza bei mwaka 2011, magendo yalipungua, na hili lafundisha kitu.

Mwaka ule ule, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kuja Pemba. Ilikuwa imepakia watu wengi kuliko ilivyoruhusiwa, na mamia walikufa. Hapakuwa na kijiji kisichokuwa na msiba au jirani wa msiba. Twalitaja jambo hili kwa sababu moja. Wenye kuhesabu abiria penye ngazi ya meli hawahesabiwi kuwa wanafanya kazi ya dini. Hawavai kanzu, hawashiki kitabu cha sala. Lakini kukata tikiti kwa hesabu ya kweli, na kusema, Basi, imejaa, hata kama watu wananung'unika na tajiri anakasirika, ni kazi ambayo roho za watu hukaa juu yake. Padre akikosea katika kuimba, Misa yaendelea.

Siku hizi mtu akifika Mtambile wakati wa msimu ataikuta harufu ya karafuu kabla hajaiona. Majamvi huwa yamejaa penye viwanja na kando ya barabara, na watoto hukaa wakichambua mpaka usiku, nao walimu hulalamika asubuhi kwamba darasani wanasinzia. Wakati huo wingu likitokea upande wa Kengeja, kila mtu aliye karibu huinama kukusanya, mwenye shamba na mpita njia, Mwislamu na Mkristo, na hapana aulizaye kwanza jamvi lile ni la nani.